Ng'ombe Watatu wa Kuazima

Mpendwa mpwa wangu Kabula,

Marahaba, mama. Najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kusoma jina lako hapo juu, maana tabia yako naijua tangu ukiwa mgongoni kwangu. Sisi huku Usinge hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yamefika magotini, na mimi mjomba wako bado ndiye mrina asali anayeogopwa na nyuki wote kuanzia hapa mpaka Uvinza. Wakinisikia nakohoa tu, wanatoka wenyewe kwenye mzinga na kunipisha.

Naandika kwa mkono wangu, usiucheke mwandiko. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa mambo ya kunifundisha. Mama yako hapo kando ya kitanda atakutajia sababu nyingine. Usimsikilize. Mwalimu Raheli wa shule ya Jumapili ndiye atakayeipiga picha barua hii na kuituma kwenye simu ya mama yako, lakini nimemwambia kwanza aisome kanisani mbele ya watu wote, neno kwa neno. Kwa nini, utaona mbele.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mjomba, wagonjwa wa moyo ni wengi. Hao watu kwa nini walinichagua mimi?" Nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukukatika, mama. Siku hiyo ulikuwa unatiririka kama maji. Niliyekatika ni mimi.

Basi sasa nakujibu. Ila nianzie mbali kidogo, kama kawaida yangu.

Unaikumbuka njia yetu ya shule? Wenzako waliimaliza kabla chai haijapoa. Sisi ilituchukua asubuhi nzima. Ulikuwa unatembea hatua chache, midomo inageuka rangi ya zambarau, unachuchumaa, na watoto wanakupita wakikuita bibi. Nikaona huu upuuzi siuwezi. Nikakwambia sisi hatupumziki, sisi tunapiga kambi, kama wapagazi wa zamani waliobeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani. Kichuguu cha kwanza tukakiita Ujiji. Kisima cha Mzee Mihayo kikawa Tabora. Ule mninga ulioanguka ukawa Mpwapwa, na shule yenyewe ikawa Bagamoyo. Kila kambi na hadithi yake. Pale Mpwapwa ndipo nilipokusimulia habari za babu yetu Kapaya, aliyebeba pembe mbili za ndovu, kila bega moja, na juu yake akamkalisha mpagazi aliyeugua njiani, na bado akawa anaimba.

"Mjomba, huyo mgonjwa hakuanguka?"

"Angeangukaje? Babu yako alikuwa hatikisiki."

Ukapumua, ukasimama, tukaendelea na safari ya pwani.

Lakini kuna siku hata Tabora hatukuifika. Nilikubeba kurudi nyumbani, kifua chako kimelala mgongoni kwangu, nikausikia moyo wako. Haukuwa unapiga kama ngoma. Ulikuwa kama kuku aliyefungwa ndani ya kikapu. Siku hiyo sikusimulia kitu.

Yule daktari wa Tabora alisema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na kwa ulivyofikia, upasuaji wako ni wa kupelekwa India. Mama yako akauliza ni shilingi ngapi. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akatuandikia jina la shirika lenye ofisi hapo hapo Tabora, mtaa wa Mtendeni. Watu wa huko nje na wa hapa nchini wanachanga, wagonjwa wasio na uwezo wanapelekwa kutibiwa. Wasio na uwezo, Kabula. Yashike maneno hayo, maana mimi sikuyashika.

Wakasema wanatuma mtu aje aone tunavyoishi. Wewe ulikuwa umelazwa Tabora, mama mchungaji anakuangalia, mama yako akaja mara moja kumpokea mgeni. Akanishika mkono pale jikoni.

"Kaka Maganga, nakuomba kwa jina la marehemu mama. Leo mdomo wako upumzike."

Nikamwambia nimesikia. Na nilisikia kweli. Lakini niambie, mama, mgeni anatoka mjini, anakuja kwa ukoo wa Kapaya, akute uwanja mtupu na kuku mmoja anayechechemea? Kwetu sisi mgeni haonyeshwi ufukara. Hata kama mna njaa, siku ya mgeni mmeshiba. Ndivyo tulivyolelewa. Basi alfajiri nikaenda kwa Mzee Mihayo, nikaazima ng'ombe watatu, nikawafunga mbele ya nyumba. Nikaazima makochi mawili kwenye duka la karibu na stesheni, yakiwa bado na nailoni yake. Nikaazima na sola, nikaiweka juu ya bati. Haikuwa na waya wowote, lakini ilikuwa inang'aa.

Mgeni mwenyewe alikuwa Dada Neema, binti mpole, faili kwapani. Nikamkaribisha kwenye kochi.

"Hawa ng'ombe ni wa nani, mzee?"

"Wa hapa hapa, mwanangu. Hawa ni wa maziwa tu. Wengine wako machungani."

Mama yako akakohoa.

"Na mizinga ya nyuki unayo?"

"Mia nne hivi. Siku hizi nimechoka kuhesabu."

Mama yako akakohoa mpaka akatoka nje. Neema anaandika. Nikamwona anaandika, nikafurahi, nikaongeza. Nikamchinjia kuku wawili, na wakati wa kuondoka nikamfungia dumu la asali. Nilisimama njiani nampungia mkono, najiona nimeupa heshima ukoo mzima.

Baada ya wiki mbili simu ikaja. Familia imeonekana ina uwezo. Nafasi zilizopo ni za wasio na uwezo kabisa. Wanatutakia kheri.

Mama yako hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Ng'ombe wa Mihayo, kaka. Unamuua mwanangu kwa ng'ombe wa Mihayo." Kisha akaingia ndani kukukunjia nguo safi za hospitali. Wewe tukakwambia majibu bado. Hukuambiwa mpaka leo, na mama yako hakukuambia kwa kunisitiri. Dada yangu huyo, mheshimu sana.

Siku tatu sikutoka nje. Aliyekuja kunitoa ni Mzee Kondo. Unamjua, yule Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akaoa kwetu, akastaafu, sasa anaziba pancha za baiskeli pale stesheni. Mtani wangu. Tangu wapagazi wa kwetu wapite kwao na mizigo, wao na sisi tunatukanana na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Nimesikia umefilisika, Mnyamwezi," akaniambia mlangoni. "Pole. Utajiri wa siku moja!"

"Niache, Kondo. Mtoto anakufa."

Akaacha kucheka. "Ndiyo nimekuja. Vaa shati. Mdomo uliobomoa haujui kujenga peke yake."

Ndani ya treni akaanza kunifundisha. "Sema, mimi ni maskini."

"Siwezi."

"Sema."

"Mimi ni... wa kawaida."

Tulipita stesheni zote hizo, na mpaka tunashuka Tabora nilikuwa sijavuka hapo kwenye "wa kawaida". Mimi, niliyewahi kumtazama chatu machoni mpaka akaona haya!

Tukafika Mtendeni. Neema akanitambua, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo Mzee Maganga! Ng'ombe hawajambo?"

Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukajibu, "Marahaba, hawajambo kabisa. Mmoja juzi kazaa mapacha."

Kondo akacheka mpaka akashika meza. Halafu akavua kofia.

"Mwanangu, mimi ni mtani wa huyu. Nina haki ya kumvua nguo mbele za watu, na mila inamkataza kukasirika. Huyu hana ng'ombe. Hana hata kamba ya ng'ombe. Kochi ulilokalia liko dukani, linauzwa. Ile sola haiwashi hata kibiriti. Babu zake walipita kwetu na mizigo ya watu vichwani, wakijisifu ni mali yao, na mjukuu naye haachi."

Neema akamtazama, hajui acheke au aite mlinzi. "Babu, unatania?"

"Natania, ndiyo. Sasa muulize yeye kama nimedanganya."

Akanigeukia. "Ni kweli, mzee?"

Nilitazama sakafu. Ningeweza kucheka, nikasema huyu Mzaramo ana wazimu, heshima yangu ikabaki. Lakini mgongoni kwangu nilimsikia tena yule kuku ndani ya kikapu, na wewe hukuwepo pale, ulikuwa hospitali. Nikasema:

"Mimi ni maskini, mwanangu. Mizinga ninayo kumi na tisa, na saba nyuki wamehama. Dada yangu hana mume wala shamba lake mwenyewe. Tuliazima ng'ombe ili usituonee huruma, na huruma ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta."

Neema alifunga faili, akalifungua tena. Akasema, "Nitakuja mara ya pili. Sitawaambia siku."

Alikuja. Alinikuta kifua wazi nakarabati mzinga, uwanja mtupu, yule kuku anayechechemea akapita mbele yake kama aliyetumwa. Nilimpa viazi vitamu na maji ya mtungi. Alikula vyote, akasema havikumkaa shingoni kama wale kuku wa siku ile.

Waliokulipia siwajui, Kabula. Neema alinieleza kwamba wengine ni wastaafu huko kwao, mmoja anafagia shule, kila mmoja anakata kipande kidogo cha kipato chake kwa ajili ya mtu ambaye hatamwona. Wa huku ninaowajua ni hawa: wamama wa kanisani walioleta karanga zikauzwa, Kondo aliyeuza baiskeli yake ya pili, na Mzee Mihayo. Mihayo alimuuza ng'ombe mmoja kati ya wale wale watatu, upate hati ya kusafiria na nauli ya wewe na mama yako mpaka Dar. Akaniambia, "Sasa mtu akikuuliza huyu ng'ombe alikuwa wa nani, sema wa Kabula. Hutakuwa umedanganya."

Kwa hiyo hawakukuchagua kwa sababu umewazidi wagonjwa wengine. Ulichaguliwa kwa sababu tulisema ukweli tukiwa tumechelewa, na kuna mtu akakubali kusikiliza mara ya pili. Ndiyo maana nimetaka barua hii isomwe kanisani. Mia nne niliitangaza kijiji kizima. Kumi na tisa nayo ikasikike.

Na babu Kapaya, maadamu nimeanza, nimalizie. Bibi alinisimulia vingine kabisa, mimi nikavigeuza kwa kuwa havikuwa na sifa. Babu hakumbeba mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yeye. Aliugua Ugogo, msafara ukamwacha kando ya njia, watu wasiomjua hata jina wakamwingiza kwao, wakamlisha uji mpaka akasimama. Ndiko ukoo wetu ulikotoka, kwenye uji wa watu. Miaka yote niliona hadithi hiyo ni ya aibu. Sasa naisimulia kila jioni pale stesheni. Uji tu ndio nimeuongezea asali.

Ile picha aliyotuma mama yako kutoka huko India baada ya upasuaji nimeiona. Umesimama dirishani, umejifunga kanga ya bibi yako, na midomo yako ina rangi ya midomo. Mwalimu Raheli aliikuza ile picha kwa vidole mpaka tukaiona vizuri. Kondo akasema vumbi limemwingia machoni, na ilikuwa baada ya mvua. Mimi nimewaambia watu kuwa madaktari wa huko wanapanga foleni kuja kuusikiliza moyo wako, kwa kuwa hawajawahi kukutana na moyo wa Kinyamwezi. Hilo usinikanushe ukirudi. Niachie hilo moja.

Ukirudi, daktari akikuruhusu, twende tukaitembee ile njia ya shule. Wewe tangulia. Ujiji pita, Tabora pita, usisimame kwa ajili yangu. Lakini tukikaribia Mpwapwa, ukinisikia nasema nimechomwa na mwiba, kwamba tukae kidogo pale kwenye mninga niutoe, kubali tu, mama. Usiutafute mwiba mguuni. Hautakuwepo.

Ni mimi mjomba wako mwenye mizinga kumi na tisa,

Maganga.

(Ishirini. Mmoja nimeumaliza jana, muulize Kondo.)