Jina la Mama Limekosa Mtoto

Mbooni, Jumapili, Julai 1987

Ukungu haujatoka mlimani tangu asubuhi. Nimechoka, na si kwa kazi.

Mama alikuja jana kutoka Mutomo na kiondo kidogo anachokisuka. Alipanda mlima wote huu akikisuka. Hakusema ni cha nani, lakini ninajua: ni cha Syombua.

Syombua ni jina la mama mwenyewe, na ndilo la mjukuu anayemngojea. Huku kwetu Ukambani msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na wa pili la mama wa mama. Mama alizaa tisa, tukabaki mabinti watatu. Ili aitwe, lazima mmoja wetu apate wasichana wawili. Zamani nani angehofia hilo? Watu walizaa mpaka kila nyanya akafikiwa.

Dada zangu walikomea kwa wavulana. Mimi nina wavulana wawili na Mwikali, mwenye jina la mama mkwe. Baada yake nilifunga kizazi. Mimi na mume wangu Mutua tuliyatazama matuta machache ya shamba aliyogawiwa kati ya ndugu zake, tukakubaliana.

Sijuti. Naumia tu.

Na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo! Nazunguka vijijini na mkoba wa vidonge, nikiwashawishi akina mama wapange uzazi. Mdomo ninao. Kwa mama yangu ulinikauka, hadi leo baada ya kanisa aliponiuliza mbona nimekaa hivi bila mtoto mwingine, na Mwikali ameshakuwa mkubwa.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "nilifunga kizazi. Mwikali ndiye wa mwisho."

Aliendelea kusuka. Nilidhani hakunisikia.

"Mbona hukuningoja nifike, mimi Syombua?"

Nikasema tunaweza kumwongezea Mwikali jina la pili. Akacheka kidogo. "Huyo tayari ana mwenye jina lake. Langu nitaenda nalo kaburini."

Akafunga uzi, akamwita Mwikali na kumpa kile kiondo atilie maharagwe. Mtoto amefurahi sana. Hata sasa amelala nacho.

Mutua ananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Anadhani ananifariji.

Kesho nina mkutano wa akina mama huko Tawa. Nitawaambia watoto wachache wanatosha, na ni kweli. Lakini huwa hakosi mmoja wa umri wa mama, ameketi nyuma, anasikiliza huku akisuka. Huyo nitamtazama vipi?