Chokaa ya Hathersby

Jumapili, 1 Juni

Ratiba imebandikwa mlangoni mwa klabu ya tenisi ya Hathersby. Wanawake wanane, mwaliko mmoja tu wa mchujo wa Wimbledon. Imogen Passmore yuko upande wa pili, kwa hiyo tutakutana fainali au hatukutani. Mungu, nifikishe! Mwaliko nautaka, ndiyo. Lakini uso wake akishindwa nautaka zaidi.

Miaka miwili sasa. Uwanja huuhuu. Hapa hakuna waamuzi wa mistari, kila mchezaji anaamua mipira inayoangukia upande wake. Mpira wangu wa ushindi uligusa mstari, vumbi la chokaa likaruka. Imogen akainua kidole: nje. Nyasi haziweki alama, utamshtaki kwa nani? Yeye akaenda Wimbledon, akaonekana kwenye televisheni. Mimi nikaenda Rotherham kufundisha watoto wa miaka sita kushika raketi.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshinda. Yeye pia. Tumepishana kwenye birika la chai.

"Bryony! Umependeza, mpenzi."

Mpenzi! Nikamuuliza maziwa yako wapi.

Kocha wangu, Del, anasema hasira haijawahi kuvusha mpira juu ya wavu. Yangu inavusha, mzee.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda tena. Goti limevimba, mama mwenye nyumba niliyofikia kanipa pakiti ya njegere za friza nilikandie. Fainali kesho. Na yeye! Malipo ni hapahapa duniani.

Alhamisi, 5 Juni. Chumba cha kubadilishia nguo

Mvua. Mechi imesimama.

Seti moja moja. Ya tatu naongoza gemu tano kwa nne, arobaini kwa arobaini. Imogen akapiga mpira mrefu, mkali, ukaanguka kwenye mstari wangu wa nyuma. Chokaa ikaruka. Niliiona! Lakini kidole changu kilishapanda.

"Nje!"

Utamu ulioje! Del akatazama viatu vyake. Nimebakiza pointi moja—moja!—mvua ikashuka.

Kisha Imogen akaja kukaa benchi langu. Akanimegea keki yake ya shayiri.

"Bry, ule mpira wako wa mwaka juzi ulikuwa ndani. Niliuona. Nilitaka mno kushinda. Nimeona aibu kukwambia mpaka leo."

Nikaiweka keki benchini. Nikamuuliza, na huu wa leo je?

"Wa leo sikuuona, mwili wako ulinizibia. Wewe ukisema nje, basi nje. Nakuamini."

Mshenzi! Miaka miwili nimekilea kisasi changu, na leo kaja kuninyang'anya hicho nacho! Angenitukana tu. Angenilaani, ningelala usingizi.

Mtu anaruhusiwa kurekebisha uamuzi wake kabla ya pointi inayofuata kuanza. Nikirekebisha, pointi ni yake. Huenda na mechi.

Mwamuzi mkuu kagonga mlango: maturubai yameondolewa uwanjani, dakika tano. Imogen kafunga nywele, raketi begani.

"Tayari, Bry?"

Kiatu kimoja nimevaa. Cha pili kina chokaa kisiginoni, naifuta, haitoki. Nimemwambia atangulie. Hataki. Amesimama pale mlangoni, ananishikia mlango, anatabasamu, na mimi bado naandika—