Msalaba wa Shaba Nilioung'arisha

Mjukuu wangu Mwamba,

Nakusihi, maneno haya yasimfikie baba yako, anayejivunia uangalifu wangu wa ukarani. Huku tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kwa nini, kwenye makumbusho ya huko Skoti, vito vya fedha vya Wapikti, wenyeji wa kale wa huko, vilivyofukuliwa vimeachwa na weusi ndani ya nakshi, ilhali msalaba wetu wa shaba uliomo humo humo unang'aa kama sufuria mpya. Ulikosa swali lingine? Ni mimi niliyeusugua!

Wakati wa Wabelgiji, wachimbaji wa reli waliufukua karibu na Mutshatsha, ukaletwa ofisini Kolwezi, nilikokuwa karani, ili upelekwe Ulaya. Nikaogopa bwana mkubwa ataniona mchafu, nikausugua kwa ndimu na majivu. Tata Ilunga, aliyeufukua, akashika kichwa.

"Weye karani! Ile rangi ya majani ilikuwa myaka yake. Umemuosha muzee mpaka amekuwa mutoto!"

Kwa hofu ya kufukuzwa, niliandika kwenye karatasi ya maelezo ya msalaba: "Ulipatikana uking'aa." Na wasomi wazima wameamini upuuzi huo hadi leo!

Waambie ukweli, ila jina langu liache. Wakibisha, niandikie kupitia kwa katekista wa mtaa wa Manika, maana baba yako hufungua barua zangu zote.

Nkambo yako