Mlinzi Aliyemaliza Mahindi

Gidion,

Chai iko kwenye chupa. Ndama hajanywa maziwa, mnyweshe wewe. ~~Maharage yapashe moto ule.~~ Maharage yangu usiguse, pika yako.

Nimekwenda kijiji cha Daudi kwa boda boda. Asubuhi wafiwa walisimama mlangoni wakisubiri nichape ratiba ya mazishi ya bibi yao, na kompyuta imeganda. Nimeizima, nimeiwasha, ikaganda tena. Wakachoka, wakaondoka mikono mitupu.

Ndipo nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, nione ni ipi inayoilemea. Si sinema zangu! Ni ile programu yako ya kupima joto la kompyuta. Imechukua karibu prosesa yote, na memori inazidi kuliwa huku naangalia. Nilipoifunga tu, mashine ikaamka.

Umeiamuru ipime kila sekunde na kutunza kila kipimo, kama afanyavyo rafiki yako wa Dar es Salaam. Kwao kuna joto. Hapa Mbulu tunalala na mablanketi mawili, wewe unaogopa kompyuta itaungua! Umeweka mlinzi shambani, na yeye ndiye amemaliza mahindi.

Karatasi nimechapa, nawakimbilia wafiwa kabla hawajazika. Ifute hiyo programu.

Halafu nenda kwa Baba. Jana ulimwambia mbele ya wageni kwamba naijaza kompyuta sinema. Mpe shikamoo, kisha mweleze ukweli. Wageni bado wapo. Usisubiri waondoke.

Dada yako