Nimekimaliza cha Tisa

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu wawili, bado wanagombania dirisha? Kifua chako kimetulia? Baridi ya huko usibishane nayo, vaa sweta. Sisi huku wifi yako mzima, Mama mzima ila magoti, nami ni mzima. Neno hilo la mwisho lisome taratibu. Katika barua zangu tatu zilizopita niliandika "mzima" kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa. Leo naliandika kwa sababu ndivyo nilivyo.

Nina habari kubwa, dada. Nimekimaliza cha tisa.

Ngoja nianzie mwanzo, usije ukadhani dawa zimenipanda kichwani.

Unajua tangu Septemba naenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, muda wa saa nne kila mara. Unakalia kiti kama cha kinyozi, mkono mmoja umenyooshwa, damu inatoka kwa mrija huu inarudi kwa ule. Nisichokuambia ni jinsi nilivyokuwa nikiishi. Nilikuwa nanunua dawa ya meno ile ya mrija mdogo kabisa. Mteja akileta kufuli lenye kazi ya wiki mbili, namwelekeza kwa fundi mwingine. Viatu vilipokwisha soli nilisema vitanitosha. Wifi yako aliyaona yote hayo.

Kiti cha kushoto kwangu hukaa Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha hesabu mpaka sauti yake ikanyooka kama rula. Kulia ni Dereva wa malori, mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Hawa wawili walikuwa na ugomvi wao juu ya hadithi moja ya majoka na wachawi iitwayo Ngome ya Chumvi. Ni vitabu tisa, kila kimoja unene wa tofali. Dereva alikuwa ameviachia kwenye cha tano, pale joka kipofu linapokufa. Alisema baada ya hapo ni maji yaliyoongezwa kwenye chai. Mwalimu alikuwa amevimaliza vyote na anavirudia, na alisema asiyefika cha sita hajasoma kitu.

Wiki yangu ya pili, Mwalimu akaninyooshea cha kwanza. Nikamuuliza viko vingapi.

"Tisa."

"Mwalimu, nitafutie cha kurasa thelathini. Mtu wa hali yangu haanzi vitabu tisa."

Hakunihurumia hata chembe. "Mimi nilivianzia kwenye kiti hiki hiki," akasema, akakirudisha kwenye mkoba wake. Kila wiki alikitoa tena, na kila wiki nilikataa. Ng'o! Miezi miwili mizima.

Kilichoniponza ni kufuli. Siku moja walikuwa wakibishana kuhusu binti mlinda lango wa kitabu cha kwanza, anayefungua kufuli la ngome kwa mfupa wa samaki. Dereva akasema huo ni uongo mtupu. Mwalimu akasema fundi makufuli si huyu hapa, aulizwe! Nikawaambia siwezi kutoa hukumu juu ya kufuli nisiloliona. Basi nikawekewa ukurasa mapajani.

Dada, yule mwandishi anajua kufuli! Anajua pini zinavyopanda moja baada ya nyingine, na ule mtetemo mdogo unaousikia kidoleni pini ya mwisho inapokaa sawa. Nikawaambia, "Inawezekana, lakini mfupa uwe mkavu." Halafu nikataka kujua kwa nini binti alifungiwa nje. Nikafunua ukurasa. Sista alipokuja kunichomoa sindano, nilimwambia bado mapema.

Nikarudi nyumbani na kitabu kwapani. Wifi yako akaitazama ile namba moja kwenye mgongo wa kitabu, akauliza viko vingapi. Nilipomwambia tisa, akaingia jikoni kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa vikombe viwili, lakini alikaa huko karibu nusu saa.

Tangu hapo nikawa mbishi kamili. Cha pili kinakimbia. Cha tatu kinachosha, watu wanatembea jangwani kurasa mia mbili wakilalamikia viatu. Yule mchawi asiye na kivuli, ambaye Mwalimu anampenda kama mwanawe, mimi nasema ni mnafiki, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Aprili nikaanguka. Damu iliingia vijidudu, nikalazwa wiki mbili kwa homa, nimefika katikati ya cha saba. Hilo sikukuandikia, nisamehe. Siku ya tatu nilijua nakwenda. Nikamtuma wifi yako kwa Mwalimu, aniulizie tu hadithi inaishaje, niondoke nikijua. Jibu likaja kwenye karatasi ya daftari: "Sisemi. Ukitaka kujua, inuka usome."

Nilikasirika, dada. Nilikasirika mpaka nikaomba supu.

Kesho yake Dereva akaingia wodini na cha nane mkononi, anahema. "Nimesoma cha sita, cha saba na hiki, vyote, kwa hasira," akasema. "Mwalimu peke yake simwezi. Wewe ukifa nitabishana na nani?" Akakaa kitandani, kitanda kikalia. Akachukua cha saba kando ya mto wangu, akanisomea kutoka pale nilipokwama, vibaya sana, anaruka vituo vyote. Homa ikashuka kidogo kidogo. Sisemi ni kitabu, dawa nazo zilikuwepo, ila nilitaka sana kesho ifike.

Sasa sikia ya Alhamisi hii. Nilikalia kiti zikiwa zimebaki kurasa ishirini za cha tisa. Chumba kizima kilijua. Sista alisimamisha kitoroli chake. Nikakifunga kitabu.

"Haya, Fundi," Dereva akasema, "hukumu."

Nikasema, "Cha sita ndicho bora kuliko vyote."

Mwalimu akainua ule mkono wake usio na mirija kama refa wa mpira. Dereva akapiga kelele kwamba tumekula njama, kisha akakiri kwa sauti ya chini kuwa cha sita amekisoma mara mbili. Wagonjwa wote wakanipigia makofi, kila mtu kwa mkono mmoja, akipiga paja lake. Daktari akaja mbio akidhani mtu amezimia. "Kuna nini?" Sista akamjibu, "Fundi amemaliza cha tisa." Akauliza, "Cha tisa nini?" Tulikuwa tunacheka na kulia.

Basi, dada, vitafute. Anza na cha kwanza, usichungulie mbele. Cha tatu kivumilie mpaka wafike darajani. Ukifika cha sita niandikie siku hiyo hiyo.

Mwalimu akaniuliza nitasoma nini sasa. Dereva akatoa hadithi nyingine, Mto Uliogeuka, vitabu kumi na viwili. Ila vilivyotoka ni vinne tu, na mwandishi hutoa kimoja kila baada ya miaka miwili. Mwalimu akapiga hesabu kwa sauti: nane mara mbili, miaka kumi na sita. Wote wakanitazama.

Nikanyoosha mkono, nikasema, "Nipe cha kwanza."

Jana nimefika ukurasa wa mia na kumi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba atawatembelea. Mama anakubusu, na wifi yako anasema picha ya nyumba yenu mpya imefika salama. Mungu akuweke wewe na wote walio chini ya dari yako. Na ukiomba, muombee na yule mwandishi wa Mto Uliogeuka afya njema. Naambiwa ana miaka sabini, na mimi bado nasubiri vitabu vinane.

Ni mimi kaka yako akupendaye daima,
Fundi.