Nimemzomea Baba Mdogo Makaburini

Kaka katutoka Jumanne, leo tumemzika, na mimi nimeaibisha ukoo mzima.

Unaikumbuka ile filamu yetu ya nyimbo, tuliyokuwa tukienda kuitazama sinema kila mara? Msimulizi akikatiza hadithi na kututazama, ukumbi mzima humzomea, "Muongo weee!" Kaka ndiye aliyekuwa akituanzishia.

Sasa baba mdogo anasoma wasifu wa marehemu: "Alikuwa mtulivu. Hakuwahi kumjibu mkubwa." Akanyamaza. Akatutazama.

Jamani, nilipaza sauti. "Muongo weee!" Mbele ya jeneza!

Mama akanishika mkono: "Mwanangu, una nini?" Nikakosa pa kuuficha uso. Nilimsubiri kaka aanze, hakuanza, ndipo nikaanza mimi.

Kesho wageni wanarudi kwa maombi. Baba mdogo ameagiza nisitoke jikoni.