Kadi ya Baba ya Kuchajia Gari

Mwanangu, ukiamka ukachaji gari, jioni tunampeleka bibi yako kliniki. Mimi nimeshindwa. Kituo cha sokoni wanatoza kwa uniti, cha karibu na benki kwa dakika, tena wenye kadi wana bei yao. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kinaniuma. Baba yako ndiye aliyejua kipi nafuu. Mimi nilikaa tu pembeni nikimtania kwa ubahili.

~~Nenda cha sokoni.~~ Nenda cha benki, kadi yake iko chini ya kikombe. Alfajiri nilienda hapo mwenyewe; mashine iliposoma kadi, iliandika jina lake ikamkaribisha. Kabla sijachomeka waya, mhudumu akaniuliza, "Mama, mzee mbona haji siku hizi?"

Nikasema amesafiri, nikaondoka bila kuchaji.

Chai ipo kwenye chupa. Mhudumu akikuuliza wewe, mwambie ukweli.

Mama